Nimenyanyua Hilux Vigo inchi 2, sasa inatetemeka ninapoondoka: kosa ni la seti, la fundi au langu?

#1 Mzabibu (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Habari za jioni, wadau. Nina Hilux Vigo ya mwaka 2011, milango minne, injini ya D4D cc 2,500, gia za mkono, ambayo kila wiki inakwenda na kurudi kati ya mjini Dodoma na shamba langu la zabibu upande wa Hombolo. Msimu wa mvua uliopita ilikwama mara tatu kwenye udongo mweusi wa mbuga, tumbo limelala juu ya tuta la katikati ya njia na magurudumu yote manne yanazunguka bure, hadi nikalazimika kuomba trekta. Hapo ndipo nilipoamua kuinyanyua. Gereji moja hapa mjini ilinifungia seti ya inchi 2: mbele wameweka spesa (kipande cha kuongeza urefu) juu ya shokapu, nyuma wameongeza jani moja kwenye springi pati, ile ya mabamba ya chuma yaliyopangana, na kunifungia shokapu ndefu zaidi. Kazi ilikwisha kwa siku moja, na nilipokwenda kuichukua jioni nilikuta imesimama kama beberu.

Tatizo nimelikuta barabarani. Ninapoondoka kutoka kusimama, gia ya kwanza na mwanzo wa gia ya pili, kuna mtetemo mzito chini ya kiti cha nyuma, du-du-du-du, kama vile ninapita juu ya matuta madogo yaliyopangwa karibu karibu, kisha ikifika kilomita 30 kwa saa mtetemo unapotea wote. Jambo la pili ni usukani. Kwenye lami ya kwenda Morogoro, nikifika 90, umekuwa mwepesi mno na gari linatangatanga, nalazimika kulirudisha kila baada ya muda kama mtu anayeswaga ng'ombe asiyetaka kufuata njia.

Fundi ameniambia kwamba springi bado mpya na kwamba gari litajizoesha. Ni wiki ya tano sasa na halijajizoesha. Kitu kinachonichanganya zaidi ni kwamba nikipakia kreti za zabibu, mtetemo hupungua sana, karibu kuisha. Je, kuna aliyewahi kukutana na hali hii?

#2 Ng'ambo ya Korongo (Jumatatu, saa 2:58 usiku)

Pole, mkuu. Naketi hapa nisikilize, kwa sababu nilikuwa nimeshatanguliza pesa ya seti kama hiyo.

#3 Fundi Mstaafu (Jumatatu, saa 4:05 usiku)

Mleta mada, jibu la mtetemo umelitoa mwenyewe katika sentensi uliyoandika kuhusu kreti za zabibu.

Vigo ya milango minne ina propela ya nyuma, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya nyuma, yenye vipande viwili. Kipande cha kwanza kinatoka kwenye gia boksi hadi senta beringi, ambayo imefungwa kwenye chesisi katikati ya gari, karibu kabisa na pale unaposema unasikia mtetemo. Kipande cha pili kinatoka hapo kwenda kwenye difu, lile bonge la gia kwenye ekseli. Kiwandani walipanga mwinamo wa vipande hivyo ili krosi zake, yaani viungo vyake vya kupinda, zizunguke zikiwa zimekunjwa kidogo tu. Ukiinua sehemu ya nyuma, chesisi inapanda pamoja na senta beringi, lakini difu inabaki chini ilipokuwa, na kipande cha pili kinainama zaidi. Krosi iliyokunjwa sana haizunguki kwa mwendo ulio sawa: katika kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Unapoondoka, nguvu ya injini inaisukuma pua ya difu itazame juu, mwinamo unaharibika zaidi, na hapo ndipo du-du-du inapotokea. Ukipakia mzigo, sehemu ya nyuma inashuka, mwinamo unarudi karibu na ule wa kiwandani, na mtetemo unapungua.

Tiba yake ni ya bei nafuu. Tafuta washa nene au vipande vya bamba vya milimita 8 hadi 10, vikae kati ya mabano ya senta beringi na chesisi, ili beringi ishuke. Weka boliti ndefu zaidi, usilazimishe zile za zamani zishike kwa nyuzi mbili. Hiyo isipotosha, ziko kabari za chuma zinazowekwa kati ya springi na ekseli ili kubadilisha uelekeo wa pua ya difu.

Kuhusu usukani, umefanya alaimenti (kupima na kurekebisha pembe za magurudumu) baada ya kunyanyua? Hukuitaja popote. Na spesa walizokuwekea mbele zina unene wa milimita ngapi? Swali hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana.

#4 Klachi Kwanza (Jumanne, saa 12:20 asubuhi)

Namheshimu Fundi Mstaafu, lakini naomba kutofautiana naye. Mtu huyu ametuambia mwenyewe kwamba gari lilikwama mara tatu kwenye mbuga. Mnajua jinsi mtu anavyojinasua kwenye mbuga: anakanyaga mafuta, anaachia klachi nusu, anarudi rivasi, anakwenda mbele, hadi harufu ya kuungua ijae ndani ya gari. Sahani ya klachi iliyoungua na flaiwili yenye madoa ya bluu hutetemesha gari wakati wa kuondoka tu, na klachi ikishashika yote, kila kitu kinatulia. Dalili ni ile ile aliyoieleza.

Kuhusu kreti za zabibu, dereva mwenye mzigo unaopondeka huondoka kwa adabu. Akiwa mtupu anaondoka kama anafukuzwa. Mtetemo umepungua kwa sababu ya mguu wake.

Mleta mada, useme kweli: ulisikia harufu au hukusikia?

#5 Ekseli Moja (Jumanne, saa 1:10 asubuhi)

Matatizo yote haya yanatokana na kununua gari la kwendea harusini na kulipeleka shamba. Mimi nina Land Cruiser pikapu, mkonga, injini ya 1HZ yenye silinda 6, ambayo niliinyanyua inchi 2 miaka minne iliyopita, nikapata inchi 2 kamili chini ya difu, na tangu siku hiyo haijawahi kutetemeka wala kutangatanga.

#6 Mwalimu wa Mvumi (Jumanne, saa 7:30 mchana)

Kaka Ekseli Moja, salamu zako tumezipokea, lakini inchi 2 chini ya difu hukuzipata. Gari lako lina ekseli nzima mbele na nyuma. Springi zinakaa juu ya ekseli na kuinua bodi na chesisi. Ekseli yenyewe, pamoja na lile bonge la difu, inaegemea tairi, na tairi hazijabadilika. Chukua rula uingie chini upime. Kinachoinua difu ya ekseli nzima ni tairi kubwa zaidi, basi. Katika Vigo, difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo inapanda pamoja na bodi. Ya nyuma inabaki pale pale, sawa na yako.

Nasema haya kwa sababu mume wangu na mimi tulifanya hesabu kabla ya kutumia pesa. Tairi ya 265/65 kwenye rimu ya 17 ina kipenyo cha karibu milimita 776. Ukiweka 265/70 kwenye rimu hiyo hiyo, kipenyo kinafika karibu milimita 803. Tofauti ni milimita 27, lakini difu inapata nusu yake tu, yaani milimita 13 na kidogo. Kwa macho ni kama hakuna kitu, ila kwenye njia ya Mvumi ambayo tumeipita miaka kumi, yale mawe mawili tuliyokuwa tukiyagonga kila wiki hatuyagongi tena. Bei yake ndogo ni kwamba saa ya mwendo inadanganya kidogo: ikionyesha 80, tunakwenda karibu 83, na trafiki hapokei maelezo ya kipenyo.

Kwa mleta mada, tumbo lililolala juu ya tuta ni tatizo la chesisi, kwa hiyo kunyanyua hakukuwa kosa. Ninachokihoji ni namna ilivyofanyika.

#7 Ekseli Moja (Jumanne, saa 11:45 jioni)

Mwalimu, nimeingia chini na rula. Tusilizungumzie.

Kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, niongeze kwamba na langu halikukosa visa. Mbele pana springi za kuviringa na kuna fimbo ndefu inayoishika ekseli isiende pembeni, upande mmoja imefungwa kwenye chesisi na upande mwingine kwenye ekseli. Nilipoinua, fimbo ile ilibadilika mwinamo na kuisogeza ekseli yote upande mmoja, kiasi kwamba ukisimama mbele ya gari unaona tairi moja imechungulia nje zaidi ya nyingine. Usukani pia ulikuwa mwepesi kama wa mleta mada, hadi nilipofungiwa bushi maalumu ambazo tundu lake halipo katikati, zinazoirudisha ekseli ilale nyuma kidogo. Baada ya hapo ndipo lilipotulia. Kwa hiyo nilivyoandika kwamba halijawahi kutangatanga, nilikuwa nahesabu kuanzia pale.

#8 Mrangi Halisi (Jumanne, saa 3:15 usiku)

Nawasalimu kutoka Kondoa. Watu wanapozungumzia kunyanyua hunikumbusha Nissan Hardbody niliyokuwa nayo, ambayo mbele haina springi za kuviringa wala pati, ina vile vyuma virefu vya kujisokota, tosheni ba. Fundi alinihakikishia kwamba sihitaji kununua chochote: aliingia chini na spana, akazikaza boliti mbili, na gari likapanda mbele yangu kama jogoo anayetaka kuwika. Nikamlipa soda. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kukaza boliti zile hakuiongezei springi nguvu hata kidogo, kunabadilisha tu mahali gurudumu linaposimama. Nafasi ya gurudumu kushuka ilikuwa imekwisha. Kila nikipita shimo, mikono ya mbele, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, ilikuwa ikigonga vizuizi vyake kwa juu, ko! ko!, na miezi michache baadaye mipira ya sivijointi, viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele, ilipasuka yote miwili kwa sababu shafti zilikuwa zinazunguka zikiwa zimeinama muda wote.

Huku kwetu makorongo ni mengi na mito ni ya mchanga, na watu waliokuja na magari yaliyonyanyuliwa sana nimewavuta kwa kamba mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mchanga hautaki urefu. Unataka tairi pana na laini. Punguza upepo hadi psi 18 au 20, vuka, kisha jaza tena upande wa pili. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni nafuu kuliko seti yoyote.

#9 Mtoto wa Bahi (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Hiyo ya mchanga ni sawa, Mrangi, lakini huku Bahi kwenye mashamba ya mpunga tope halifanani na mchanga wenu. Tumbo likilala, hata ukitoa upepo wote unabaki umelala. Kila mmoja ashauri kutokana na udongo wake.

Halafu mkishanyanyua, kumbukeni taa. Taa za Vigo iliyoinuliwa mbele zinammulika dereva anayekuja moja kwa moja machoni. Kuna skrubu ya kuziteremsha nyuma ya taa, na karibu hakuna anayeigusa. Kumbukeni pia wakwe. Mama mkwe wangu, mama wa heshima zake, alifika stendi, akaliangalia gari, akaniangalia mimi, akauliza kama ngazi ipo nyumbani. Tangu siku hiyo natembea na kigoda nyuma ya kiti. Seti yoyote ya kunyanyulia iuzwe pamoja na kigoda.

#10 Mzabibu (Jumatano, saa 1:05 asubuhi)

Ahsanteni sana. Kwa Klachi Kwanza: ndiyo, harufu niliisikia, siku ile ya trekta, na mke wangu aliisikia pia. Lakini mtetemo haukuwepo kabla ya kunyanyua, na kati ya siku ile na siku ya kunyanyua nilitembea karibu miezi miwili.

Kwa Fundi Mstaafu: alaimenti walifanya kwa kamba na macho. Kuhusu spesa, nimempigia fundi, amenijibu kwamba "ni za inchi 2".

#11 Fundi Mstaafu (Jumatano, saa 2:20 asubuhi)

Jibu hilo ndilo nililoliogopa, kwa sababu lina maana mbili. Spesa "ya inchi 2" inaweza kuwa ile inayoinua gari inchi 2, au ile yenye unene wa inchi 2. Si kitu kimoja. Shokapu ya mbele ya Vigo pamoja na springi yake haisimami kwenye gurudumu lenyewe. Imesimama karibu na katikati ya mkono wa chini, na mkono huo ni kama mlango: ukiusukuma sentimita moja karibu na katikati, ukingo wake unasogea kama sentimita mbili. Spesa ya milimita 25 juu ya shokapu hulipandisha gari karibu milimita 50. Aliyeweka spesa ya milimita 50 akidhani anapata milimita 50, amelipandisha karibu mara mbili, na hapo sivijointi, bolijointi na pembe za magurudumu zimeshavuka mpaka wake.

Kuhusu kutangatanga, fikiria uma wa baiskeli. Uma umelala kidogo, chini umetangulia mbele, na ndiyo sababu unaweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kunyooka. Baiskeli iliyogonga ukuta na uma wake ukasimama wima haikupi nafasi hiyo. Mlalo huo mafundi wanauita kasta. Ukiinua gari lenye mikono miwili mbele, kasta inapungua. Vigo ina boliti za kurekebishia kwenye mikono ya chini, lakini uwezo wake ni mdogo. Ukipita inchi 2 mara nyingi unahitaji mikono ya juu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kamba na macho hupima kama tairi zinatazama mbele. Kasta hazipimi.

Chukua futi kamba. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, halafu ukapime Vigo ambayo haijaguswa. Ulete namba.

#12 Jani la Tatu (Jumatano, saa 6:50 mchana)

Nimesoma propela, nimesoma klachi, na nashangaa hakuna aliyetazama springi pati yenyewe. Walimwongezea jani moja. Kuongeza jani kunahitaji kufungua yubolti nne, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, na sentaboliti. Swali langu ni kama waliweka yubolti mpya na kama zilikazwa upya baada ya wiki ya kwanza, kwa sababu majani mapya hujilaza, rangi na kutu kati yake husagika, na yubolti iliyokuwa imekaza siku ya kwanza hulegea bila mtu kuigusa. Ekseli iliyoshikwa kwa ulegevu inajipindua kidogo kila unapoondoka na kurudi, inajipindua na kurudi, na mwenye gari anasikia du-du-du. Mzigo ukiikandamiza springi, ulegevu unabanwa na kelele inapungua. Maelezo yangu yanatosheleza kreti za zabibu sawasawa na ya Fundi.

Niliyapata mimi mwenyewe, kwenye Vigo ile ile ya cc 2,500. Niligundua pale nilipoona mstari mwembamba unaong'aa pembeni ya yubolti, mahali ambapo chuma kilikuwa kimeisugua kutu.

#13 Dereva wa Sekenke (Jumatano, saa 10:15 jioni)

Naomba nizungumzie breki, kwa sababu mtetemo unaudhi lakini breki zinaua.

Ingia chini ya sehemu ya nyuma, utazame juu ya ekseli. Kwenye Vigo nyingi utaona fimbo nyembamba ya chuma, unene wake kama kalamu, imeungana na ekseli upande mmoja na upande mwingine inaingia kwenye vali iliyofungwa kwenye chesisi. Kazi ya vali hiyo ni kukisia mzigo. Gari likiwa limebeba, nyuma inashuka, fimbo inasukumwa, na vali inaziruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, nyuma inapanda na vali inazipunguzia breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge na kuteleza. Sasa wewe umeinua nyuma kwa inchi 2. Vali inaamini kwamba gari ni tupu kuliko tupu, hata ukiwa na tani moja ya zabibu.

Mimi niliteremka Sekenke kuelekea Shelui nikiwa na mifuko ya saruji, na kila nilipokanyaga breki pua ilizama na nyuma ikawa inanisukuma. Nilifika chini nikiwa salama, breki za mbele zinatoa moshi. Fundi aliyenisaidia baadaye alitengeneza kipande cha bamba kama urefu wa kidole, akakiweka pale fimbo inapoungana na ekseli ili kuipandisha kwa kiasi kile kile nilichoinua. Dakika ishirini za kazi. Aliyeninyanyulia hakuwa hata amejua kwamba fimbo ile ina maana.

#14 Karani wa Bima (Jumatano, saa 11:30 jioni)

Kwa ufupi: mwenye bima kubwa amjulishe wakala wake kwa maandishi kabla ya kubadilisha gari kiasi hicho, na ahifadhi nakala. Mkataba wa bima unasimama juu ya maelezo uliyoyatoa, na mkaguzi wa ajali akikuta springi na shokapu ambazo hazikutajwa, utakuwa umempa sababu ya kukuuliza maswali wakati usio mzuri kwako.

#15 Ng'ambo ya Korongo (Jumatano, saa 11:41 jioni)

Nimeomba nirudishiwe pesa niliyotanguliza. Wameniambia watanipa seti ya tairi badala yake. Mwalimu, hesabu zako zimeniokoa au zimeniponza, sijui bado.

#16 Fundi Mstaafu (Alhamisi, saa 12:40 asubuhi)

Ili tusibishane hadi mavuno, kuna jaribio la kutenganisha klachi na propela. Nenda mahali pa udongo palipo tambarare, si kwenye lami, weka 4L, yaani gia ya chini ya magurudumu yote manne, uondoke ukiwa umenyoosha. Katika gia hiyo ya chini klachi inafanya kazi kidogo sana, lakini propela inapokea nguvu nyingi zaidi. Mtetemo ukizidi, ni propela. Ukipotea, nitamwomba radhi Klachi Kwanza hadharani.

#17 Klachi Kwanza (Alhamisi, saa 12:52 asubuhi)

Nakubali jaribio. Radhi iandikwe kwa herufi kubwa.

#18 Mzabibu (Jumapili, saa 9:20 alasiri)

Nimerudi na majibu, na sijui kama yatawafurahisha.

Kwanza nilikagua yubolti kama alivyoelekeza Jani la Tatu. Mbili za kushoto zilikaza karibu nusu mzunguko kabla ya kushika. Za kulia zilikuwa sawa. Nikaondoka: mtetemo upo, labda umepungua kidogo, labda ni masikio yangu yanayotaka upungue.

Pili, 4L kwenye udongo, njia ya kando ya shamba. Mtetemo ulikuwepo, lakini mdogo kuliko kwenye lami. Sasa sijui kama umepungua kwa sababu ya klachi au kwa sababu udongo wenyewe unaumeza.

Tatu, jana tuliweka bamba za milimita 10 kwenye senta beringi, na boliti mpya ndefu. Gari likiwa tupu, mtetemo umekwisha kabisa. Nikafurahi, nikapakia mifuko kumi ya mbolea, nikaondoka, na mtetemo ukarudi, safari hii ukiwa na mzigo.

Fimbo ya breki nimeiona. Imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Fundi mwingine anatengeneza kipande chake kesho, na hadi hapo sibebi kitu.

Namba sasa. Nimepima na Vigo ya jirani yangu ambayo haijaguswa, yenye tairi za ukubwa mmoja na zangu. Tofauti: nyuma milimita 52 pande zote mbili. Mbele kulia, upande wa dereva, milimita 79. Mbele kushoto milimita 88. Kisha nikaingiza rula ya mwanangu ya shule juu ya shokapu: spesa ina milimita 46.

#19 Fundi Mstaafu (Jumapili, saa 9:35 alasiri)

Mtetemo wa mzigo tutauzungumza: umeshusha beringi kwa kipimo cha gari tupu, punguza bamba ziwe milimita 5 utafute katikati. Lakini kwa namba hizo za mbele, naomba usiende nalo Morogoro wala mahali popote kwa mwendo. Kata usukani wote upande mmoja, uchungulie nyuma ya gurudumu la kushoto, mpira wa sivijointi, ile mikunjo yake. Tazama na ndani ya rimu.

#20 Mzabibu (Jumapili, saa 10:02 jioni)

Nimechungulia. Mikunjo miwili imesagana hadi imechanika, na upande wa ndani wa rimu umepakwa grisi nyeusi kuzunguka yote, mchanga umeganda juu yake. Spesa zinatoka kesho asubuhi, nitaweka zile za milimita 25, kisha alaimenti ya mashine.

#21 Klachi Kwanza (Jumapili, saa 10:06 jioni)

Pole sana, mkuu. Hayo yanaeleza ya mbele. Ya nyuma bado nasema ni klachi.